Chakula cha Mgonjwa na cha Mwenye Huzuni



Mazungumzo ya leo ni juu ya jambo lisilokosekana katika nyumba yo yote: namna ya kumlisha mtu aliyelala kwa ugonjwa, na namna ya kumlisha mtu ambaye mwili wake ni mzima lakini moyo wake umevunjika. Labda mtu atasema, "Je, kupika uji nako ni jambo la kuelezwa? Kila msichana ajua." Namjibu kwamba kupika uji wengi wanajua, lakini kumlisha mgonjwa ni kazi nyingine kabisa. Wagonjwa wengi, hasa watoto, hudhoofika na hata kufa, si kwa ugonjwa peke yake, bali kwa njaa na kiu, na huku unga umo nyumbani na mtungi umejaa maji.

Wazee wetu walisema, "Mgonjwa haulizwi uji." Maana yake ni kwamba mgonjwa hana nguvu za kuomba, na ukimwuliza, "Je, nikupikie uji?" atasema hapana, ama kwa sababu hana hamu, ama kwa kuona haya kuwasumbua watu. Basi usimwulize, pika, umletee. Neno hili ni la kweli, lakini liko jambo moja la kuongeza. Usimwulize mgonjwa kama anataka chakula. Mwulize anataka kipi. Uji mzito au mwepesi? Wa chumvi au wa sukari? Wa moto au wa vuguvugu? Ukimwuliza kama anataka, umempa nafasi ya kukataa. Ukimwuliza anataka kipi, umempa nafasi ya kuchagua, na mtu aliyechagua chakula chake mara nyingi hukila.

Kwa nini mgonjwa ahitaji chakula

Kwanza yafaa tufahamu mwili unavyofanya kazi wakati wa homa. Joto la mtu mzima ni kama digrii 37. Homa ikipanda, mwili huunguza chakula upesi kuliko desturi. Kwa kila digrii moja inayozidi, mwili hutumia sehemu moja ya kumi zaidi, au hata kupita hapo kidogo. Basi mtu mwenye homa ya digrii 40 ahitaji chakula kama theluthi zaidi kuliko alipokuwa mzima, naye wakati huo huo hamu yake imekwisha, ulimi wake ni mchungu, na kinywa kimekauka. Mwili usipopata chakula kutoka katika chungu hujila wenyewe. Hula mafuta yake, hula na nyama yake. Ndiyo maana twaona mapaja na mikono ya mgonjwa inakonda kwa siku chache tu. Tena jasho humtoka, na maji ya mwili hupungua.

Lakini mahali pengi watu wameshika desturi ya kumnyima mgonjwa chakula, wakidhani kwamba homa ikilishwa itapata nguvu. Desturi hii si ya Afrika peke yake. Huko Ulaya nako, muda mrefu, waganga waliwashindisha njaa wenye homa. Mmoja aliyeipinga desturi hiyo ni daktari Robert Graves wa mji wa Dublin, katika Ireland, aliyeishi tangu mwaka 1796 hata 1853. Yeye aliwalisha wagonjwa wake, akaona wanapona vema kuliko wale walioshindishwa njaa. Yasimuliwa kwamba alitaka kaburi lake liandikwe neno moja tu, kwamba aliwalisha wenye homa. Hakutafuta sifa nyingine.

Namna ya kumlisha

Baada ya Graves alikuja Bibi Florence Nightingale, yule mwuguzi mashuhuri, ambaye mwaka 1859 alitoa kitabu juu ya uuguzi. Katika kitabu hicho alieleza kwamba wagonjwa wengi hufa njaa katikati ya chakula tele, kwa sababu tu wanaowaangalia hawajui saa ya kuwalisha wala namna ya kuwalisha. Mafundisho yake hayajachakaa, nami nitayaeleza pamoja na mengine kwa maneno yangu.

La kwanza, mpe kidogo kidogo, mara nyingi. Sahani iliyojaa humchosha mgonjwa kabla hajaigusa. Nusu kikombe kila baada ya saa mbili ni bora kuliko bakuli zima mara mbili kwa siku. Haba na haba hujaza kibaba.

La pili, ifuate saa yake, usiifuate saa yako. Wagonjwa wengine hawawezi kumeza cho chote asubuhi mpaka wamepata kinywaji cha moto. Wengine hupata nafuu homa ishukapo, na nafuu hiyo ni ya muda mfupi. Chakula kiwe tayari wakati huo. Mwenye kuuguza asiyekuwa tayari ataikosa nafasi hiyo, na pengine haitarudi mpaka kesho.

La tatu, asipokula, ondoa chakula, ukirudishe baadaye kikiwa kipya. Usikiache karibu na kitanda mchana kutwa, kikipoa na kuingia nzi. Kule kukitazama na kukinusa humwondolea hamu iliyobaki.

La nne, usafi. Osha mikono kwa sabuni kabla ya kupika na kabla ya kulisha. Kikombe na kijiko vioshwe kwa maji ya moto, na chakula kifunikwe. Chakula kilichobaki tangu asubuhi usimpe mgonjwa jioni, maana vijidudu vinavyoleta magonjwa ya tumbo huzaana upesi katika chakula cha vuguvugu.

La tano, mwinue mgonjwa, umwegemeze juu ya mito au kifuani pako, ndipo umlishe. Mtu aliyelala chali hupaliwa. Na mtu aliyezimia, au mwenye degedege, asitiwe kitu cho chote kinywani, hata maji, mpaka amepata fahamu. Huyo ni wa kupelekwa hospitali mara moja.

Uji

Sasa tuuangalie uji wenyewe. Wa unga wo wote ni mwema: wa mahindi, wa mtama, wa uwele, wa ulezi ambao wengine huuita wimbi, au wa mchele. Twaa kikombe kimoja cha unga na vikombe saba vya maji. Vikombe viwili vya maji yaliyo baridi vikorogee unga mpaka pasiwe na madonge. Vikombe vitano vilivyobaki vichemshe katika sufuria. Yakichemka mimina ule unga uliokorogwa, huku ukikoroga kwa mwiko pasipo kuacha. Ukianza kutokota punguza moto, uuache uive kwa muda wa robo saa au dakika 20. Uji usioiva hunukia unga mbichi, nao huleta gesi tumboni.

Uji wa mchele hauhitaji hata kusaga. Osha kikombe kimoja cha mchele, utie katika vikombe kumi vya maji pamoja na chumvi kidogo, upike mpaka punje zipasuke na kulegea, kisha uponde kwa mwiko. Watu wa pwani humalizia kwa tui la nazi. Mgonjwa ambaye tumbo lake halijatulia apewe kwanza wenye tui jepesi; tui zito lingoje siku atakapokuwa na nguvu.

Hapa pana shida moja, na wapishi wengi hawaitambui. Unga ukiiva hunywa maji na kuvimba. Hivyo uji mwepesi wa kunyweka una maji mengi na unga kidogo mno. Mtoto hujaza tumbo lake, watu wakasema ameshiba, kumbe ameshiba maji. Nao uji mzito wenye chakula cha kutosha hauwezi kumezwa na mtoto mgonjwa. Tufanye nini basi?

Dawa yake wapishi wa pombe wameijua tangu zamani, nayo ni kimea. Loweka ulezi usiku kucha, uumwage maji, uutandaze mahali penye unyevu na kivuli, juu yake uweke kitambaa safi kilicholowa. Baada ya siku mbili au tatu utaota. Uanike juani mpaka ukauke kabisa, uondoe vichipukizi, usage unga wake. Ukiota ukungu, utupe wote. Chagua ulezi kuliko mtama, kwa sababu machipukizi ya mtama yana sumu.

Kisha pika uji mzito, karibu kuwa kama ugali laini. Uutoe motoni upoe kidogo, usiwe wa kuchemka. Tia kimea, kijiko kimoja kwa kila vijiko kumi vya unga uliopika, ukoroge. Kwa dakika chache utaona kama mazingaombwe: uji mzito unalegea na kuwa wa kunyweka, na hakuna tone la maji lililoongezwa. Mazingaombwe hayamo. Mbegu inapoota hutengeneza kitu ndani yake cha kuuvunjavunja unga wake, ili chipukizi lipate chakula. Kitu hicho hicho ndicho kinachouvunja uji wako. Moto mkali hukiua, ndiyo sababu hatutii kimea katika uji unaotokota. Ukiisha kulegea, urudishe motoni uchemke tena, vijidudu vife, ndipo umpe mtoto. Kikombe kimoja cha uji huu kina unga mara mbili au zaidi kuliko kikombe cha uji mwepesi wa kawaida.

Watu wa Songea na Iringa wana ndugu yake, yaani togwa, uji uliotiwa kimea na kuachwa uchachuke. Ile chachu huzuia vijidudu vingi visistawi. Togwa changa ni chakula chema. Lakini ikikaa siku nyingi hugeuka pombe, na hiyo si ya mgonjwa wala ya mtoto.

Uji peke yake hautoshi

Mwaka 1933 daktari mmoja, Bibi Cicely Williams, aliyekuwa akifanya kazi Gold Coast, nchi ambayo leo yaitwa Ghana, aliandika habari za watoto waliovimba miguu na mikono, ngozi yao ikaambuka, na wengi wao wakafa. Watoto hao walikuwa wameachishwa ziwa, wakawa wakila uji wa mahindi na karibu hapana kingine. Mwaka 1935 aliandika tena, akautaja ugonjwa kwa jina la wenyeji wa huko, kwashiorkor, yaani ugonjwa umpatao mtoto mwenzake azaliwapo. Wenyeji walikwisha kuona kwamba mtoto aliyeondolewa ziwani mapema humshika. Madaktari wa siku hizi husema kwamba ugonjwa huo una sababu zaidi ya moja, lakini fundisho kwa mpishi ni lile lile: mtoto hajengwi kwa unga mtupu.

Basi uji wa mgonjwa uutajirishe. Tia maziwa mahali pa nusu ya maji. Au tia vijiko viwili vya karanga zilizokaangwa na kusagwa, lakini uzichague kwanza, ukitupa zilizokunjana, zenye ukungu na zilizo chungu, kwa kuwa ukungu wa karanga una sumu. Au piga yai, ulimimine katika uji unaochemka huku ukikoroga. Au saga dagaa waliokauka, utie kijiko cha unga wao. Kijiko kimoja cha mafuta, ya nazi au ya mawese au samli, huongeza nguvu nyingi katika chakula kidogo, na mgonjwa chakula kidogo ndicho akiwezacho.

Kadhalika supu. Wengi hudhani kwamba nguvu zote za kuku huingia katika mchuzi, hivyo mgonjwa hupewa maji ya kuku, na nyama huliwa na wazima! Bibi Nightingale aliwaonya watu wa nchi yake juu ya kosa hili hili. Supu ya nyama ukiikausha juu ya moto, aliwaambia, kitakachobaki ni kidogo sana. Supu ni njema: humpa mgonjwa maji na chumvi, humtia joto, na harufu yake huamsha hamu. Lakini nyama yenyewe itwange au uichambue nyuzinyuzi, uirudishe ndani ya supu, mgonjwa apate haki yake.

Katika jambo hili desturi zetu nyingi zina hekima kubwa. Tazameni anavyolishwa mwanamke aliyejifungua. Huko Kilimanjaro Wachaga humpikia mtori: nyama ya mifupa huchemshwa mpaka ilegee, hutiwa ndizi mbichi zilizomenywa, zikiiva hupondwa pamoja na supu yake, nyama ikarudishwa, na pengine maziwa au samli. Wakikuyu humpikia njahi, yaani zile kunde nyeusi zenye mstari mweupe. Pwani hupewa uji wa pilipili manga, wenye ukali wa kumtia joto. Makabila mbalimbali, vyakula mbalimbali, na nia ni moja: kiwe laini, kiwe cha moto, kiwe na kitu cha kujenga mwili. Kila chakula kimfaacho mzazi chaweza kumfaa pia mtu anayeinuka katika homa. Basi tusimpe mgonjwa uji mtupu, na huku twajua namna ya kumlisha mzazi.

Mwenye kuhara

Sasa nasema juu ya ugonjwa wa kuhara, nanyi wenye watoto wadogo sikilizeni sana. Mtoto anayehara hupoteza maji na chumvi. Maji yakipungua mno hufa, na aweza kufa kwa siku moja. Naye mama, kwa kumpenda, humnyima maji, akidhani kwamba asipokunywa hatahara. Kuhara hakukomi kwa kunyimwa maji. Mtungi unaovuja hauponi kwa kuacha kuujaza, ila hukauka.

Mwaka 1971, wakati wa vita vya Bangladesh, wakimbizi wengi sana walivuka mpaka kuingia India, na kipindupindu kikaingia katika makambi yao. Katika mji wa Bangaon daktari Dilip Mahalanabis aliwakuta wagonjwa wamelala hata sakafuni, na maji ya kutiwa katika mishipa kwa sindano hayakutosha. Akaamuru zichanganywe chumvi na sukari ya glukosi katika maji, wagonjwa wanyweshwe kwa vikombe, tena na jamaa zao wenyewe. Hapo kwanza karibu watu 30 katika kila 100 walikuwa wakifa. Kwa vikombe vile waliokufa hawakufika 4 katika kila 100. Jambo lililofanya kazi ni hili: sukari hufungua njia katika utumbo, ikaingia pamoja na chumvi, na maji yakazifuata. Maji matupu hayaingii vema hivyo.

Siku hizi zahanati hutoa pakiti za chumvichumvi hiyo, nazo ndizo bora. Zifuate namna zilivyoandikwa. Lakini ikiwa zahanati ni mbali na mtoto anahara sasa, tengeneza hivi: lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa, vijiko sita vya chai vya sukari, na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Vijiko viwe sawasawa, visiwe na kilima. Pima vema, kwa sababu chumvi ikizidi yaweza kumdhuru mtoto. Onja kwanza, yasipite machozi kwa chumvi. Mpe kwa kijiko au kwa kikombe, funda baada ya funda, na kila aharapo mpe zaidi. Akitapika, ngoja dakika kumi, uanze tena polepole. Yaliyobaki baada ya siku moja yamwagwe.

Pakikosekana sukari, uji mwepesi wa mchele au wa unga mwingine, wenye chumvi kidogo, hufanya kazi hiyo hiyo, maana unga hugeuka sukari ndani ya tumbo. Maji ya madafu ni kinywaji chema, ila yana chumvi kidogo mno, hivyo yasishike mahali pa dawa hii. Mtoto anyonyaye aendelee kunyonya, tena mara nyingi zaidi. Na chakula kisikatwe. Akiisha kupona apewe mlo mmoja zaidi kila siku kwa muda wa majuma mawili, apate kurudisha alichopoteza. Huko zahanati hutolewa pia vidonge vya zinki kwa siku 10 hata 14; visimamiwe mpaka viishe, hata mtoto akiwa amekwisha kupona.

Lakini ukiona damu katika choo, au macho yamedidimia, au mtoto hawezi kunywa, au anatapika kila kitu, au amelegea na haamki vema, usikae jikoni. Mpeleke hospitali, ukimnywesha njiani.

Vinywaji vidogo

Juu ya vitu vidogo vya kutuliza nitasema kwa ufupi. Chai ya tangawizi husaidia kichefuchefu. Mchaichai wa moto huburudisha. Asali kijiko kimoja na maji ya ndimu katika maji ya vuguvugu hulainisha koo na kupunguza kikohozi. Lakini mtoto asiyetimiza mwaka mmoja asipewe asali hata kidogo, kwani yaweza kumletea ugonjwa wa hatari. Mwenye ugonjwa wa sukari asitiliwe sukari ovyo katika uji wake. Na tuulize kwanza kwa daktari. Wala vinywaji hivi visimfanye mtu akose dawa ya malaria au ya kichomi. Chakula humsaidia mgonjwa kupigana na ugonjwa, bali hakishiki mahali pa dawa.

Mwenye huzuni

Na yuko mgonjwa mwingine asiye na homa. Mume amefiwa na mkewe. Mwanamke amepoteza mtoto. Kijana yuko shule ya mbali, amelala bwenini akiwakumbuka watu wa kwao. Watu hawa huacha kula bila ya mtu kutambua, maana hakuna anayewaita wagonjwa.

Desturi zetu zimewaangalia. Katika nyumba ya msiba moto wa jikoni hauwashwi na wafiwa. Majirani ndio waletao chakula. Waislamu hukumbuka jinsi Mtume Muhammad alivyowaagiza watu wawapikie jamaa wa Jaafar, alipouawa katika vita vya Muta mwaka 629, kwa kuwa msiba ulikuwa umewashughulisha. Nao Wakristo husoma habari za nabii Eliya, jinsi alivyolala chini ya mti jangwani akitaka kufa, malaika akamwamsha, akamwonyesha mkate na maji. Hakumhubiri kwanza, alimlisha, akamwacha alale, akamwamsha akamlisha mara ya pili. Mwenye huzuni kwanza alishwe.

Ila nimeona kwamba matanga yakiisha, vyungu vya majirani navyo huisha. Siku ya kumi au ya ishirini ndipo mfiwa hubaki peke yake, na ndipo asipowasha moto, maana kumpikia mtu mmoja kwamchosha moyo. Basi majirani, hesabuni siku hizo pia. Peleka chakula kidogo, kilaini, cha kawaida: wali wenye tui, maharage yaliyopondwa, ndizi za kupikwa, uji wa jioni. Mwulize chakula alichokuwa akipikiwa na mama yake alipokuwa mdogo, umpikie hicho. Kisha usiweke sahani mlangoni ukaenda zako. Kaa, ule naye. Mtu mwenye huzuni hula kwa kumwona mwenzake anakula. Usimlazimishe kumaliza, wala usimlazimishe kusema.

Ikiwa huzuni yapita majuma mawili na mtu hali, halali, wala hataki kuonana na watu, au anasema kwamba heri kufa, asiachwe peke yake. Apelekwe kwa daktari. Huo nao ni ugonjwa, una matibabu, wala si aibu.

Kujiweka tayari

Maradhi hayapigi hodi. Ajuaye kutunza nyumba huweka akiba ya mgonjwa mapema: kopo la unga wa ulezi, kopo dogo la kimea kikavu, chumvi, sukari, karanga nzuri, na pakiti mbili za ile dawa ya kuhara. Vitu hivi si vya gharama kubwa. Vifungwe vizuri, panya na unyevu visivifikie, na vikitumika virudishwe.

Nanyi wanafunzi, nina ombi kwenu. Nyumbani kwenu pengine yuko bibi au shangazi anayeuguza watu wa mji mzima, naye hakujaliwa kusoma. Msomeeni maneno haya, hasa vile vipimo vya maji, sukari na chumvi, mpaka avikariri. Halafu mwulizeni yeye naye awaambie anayoyajua, maana mengi mazuri hayajaandikwa katika kitabu. Na siku mwenzenu atakapolala bwenini kwa homa, msipite mlangoni mkimwuliza kama atakula. Mpelekeeni uji, mumwulize kama ataka chumvi au sukari, mkae naye mpaka kikombe kimekwisha.

Hayo ndiyo niliyokuwa nayo leo. Mungu awaafu wagonjwa wenu. Kwaherini.